Jimbi, Pora, Koo

Mavyaa wangu, Bi Shumi wa Kibokoni,
alimbinya kuku kabla ya kuuliza bei.
Gumba chini ya bawa, gumba kifuani,
kisha akashuka mguuni kupima kikwaru
kama sonara apimavyo bangili ya rehani.

"Huyu pora. Hajaijua sauti yake.
Mpasue mgongo, ndimu, kitunguu thomu, makaani,
ukimpaka tui kwa unyoya wake mwenyewe.
Atawiva hujamaliza kusuka nywele upande mmoja.

Huyu jimbi. Hachomwi huyu, hubembelezwa:
moto wa vifuu, papai bichi, tangawizi,
tangu adhuhuri mpaka wanaume warudi magharibi.
Nyama yake kamba ya usumba,
lakini mchuzi, mwanangu,
utajiuma kidole ukiulamba."

"Na koo?" nikamuuliza.
Hina ya harusi haijanitoka kuchani.
"Koo hachinjwi ovyo. Koo hungojwa akome."
Akasema *akome*, akanitazama tumbo.

Miaka minane akanitazama tumbo.

Jogoo la shamba haliwiki mjini, wasema.
Hawakumjua yule aliyeletwa na Kazungu kutoka Kaloleni,
aliyewika uani kwetu saa nane za usiku,
siku tatu mfululizo,
hata jirani wa juu, Maalim Badi,
akashuka na kisu chake mwenyewe.
Tulimla Ijumaa. Wageni wa Siyu wakausifu wali.
Nyama waliitafuna kwa adabu,
wakaisukuma kwa maji.
Firigisi kwa mume wangu, ndiyo desturi;
mapaja kwa wageni;
mabawa kwa wasichana, wajue kupepea bila kuruka.
Shingo ikabaki nami jikoni,
nikaifyonza pingili kwa pingili, mlango nimeurudisha,
na leo naweza kusema:
utamu wote wa jimbi lile ulikuwa shingoni,
pale pale penye kelele.

Kisha zamu ya koo wetu wa kishungi,
aliyezoea kutaga chini ya ngazi, ndani ya karai bovu.
Wiki saba, karai tupu.
"Amekoma," akasema Bi Shumi. "Mshike."
Maalim Badi akachinja, akaosha mikono, akaenda zake.
Mimi nikanyonyoa. Mimi nikapasua.

Mle ndani, mayai.
Moja lina ganda jororo kama kope ya mtoto,
nyuma yake viini, kikubwa, kidogo, kidogo zaidi,
mpaka chembe ya mtama,
vimepangana kama shanga zinazongoja uzi.

Sikumwita mtu. Alikuja mwenyewe,
labda alisikia kisu kimenyamaza.
Akasimama, leso mdomoni.
Maji yalichemka, yakapungua, hakuna aliyeyajali.
"Tulimharakisha," akasema.
Tangu niingie nyumba ile
sikuwahi kumsikia akijitia kwenye kosa.

Akavichota viini kwa kijiko cha chai,
hata ile chembe ya mtama,
akavipika peke yake kwa tui zito na pilipili mbichi moja,
akaniwekea mimi,
na firigisi juu.
Mume wangu alipekuapekua sahani yake, asiulize.

Nyama ya koo ilikuwa na mafuta ya manjano,
ikiachana na mfupa bila ugomvi.
Nilikula. Nililia kidogo. Nikaongeza ndimu.

Bi Shumi sasa yuko Manyimbo, Mungu amrehemu,
nami nanunua wa gredi, wiki sita,
kichwa hana, mguu hana,
jimbi au koo hakupata kujua mwenyewe,
amebanwa kwenye nailoni, baridi kama sakafu ya benki.
Bado gumba langu hupita chini ya bawa,
likabonyeza, likangoja,
mpaka kijana wa dukani aniambie,
"Mama, chukua yeyote. Wote ni sawa."